Macho Makavu Si Ujasiri

Mdogo wangu alirudi kutoka intavyu, akavua viatu vya kuazima pale mlangoni na kukaa kwenye jamvi bila kusema neno. Hoteli moja ya ufuoni ilikuwa inatafuta watu wa mapokezi. Vyeti anavyo, Kiingereza anacho, Kijerumani cha kuombea maji anacho. Baadaye mtu wa ndani akamnong'oneza kilichomwangusha: "Walisema hujiamini. Hukuwa unawaangalia machoni."

Aliyekuwa akimhoji ni mama wa rika la mama yetu. Sasa wewe uliyelelewa Magogoni, niambie: mama wa umri huo akikusemesha, unamkodolea macho? Kwetu ukifanya hivyo unaulizwa umelelewa na nani. Tena tabia hiyo tuna jina lake kabisa: macho makavu. Mwenye macho makavu hukukopa leo, kesho akapita mbele yako akipiga mluzi. Wazee walisema uso umeumbwa na haya. Kumbe kwenye chumba cha intavyu haya imekuwa ushahidi kwamba hufai!

Lawama ya kwanza naipeleka kwa walimu wa semina za ushawishi. Mnawajua. Suti ya bluu, maiki ya shavuni, kiingilio cha kukutoa jasho. Kaza mkono, panua kifua, mtazame mtu machoni. Halafu wanakurushia hesabu: asilimia 55 ya mawasiliano ni mwili, 38 ni sauti, 7 pekee ni maneno. Hesabu hiyo imetokana na majaribio ya Albert Mehrabian, Marekani, mwaka 1967. Yalipima jambo dogo sana: ukisikia neno moja linalosema hivi huku sauti au uso vinasema vile, utaamini kipi kuhusu kupendwa au kuchukiwa? Mehrabian mwenyewe ameshaeleza kwamba hakuzungumzia mawasiliano yote. Na hata bila yeye, hebu tazama tamthilia ya Kikorea bila maandishi ya chini, uone kama utaelewa asilimia 93.

Ikaja na ile ya kusimama kama shujaa wa filamu. Utafiti wa mwaka 2010, kwa watu 42, ulidai kwamba ukijitanua kwa dakika mbili homoni zako zinabadilika. Hotuba ya Amy Cuddy ya TED mwaka 2012 ikaisambaza dunia nzima. Mwaka 2015 watafiti wengine wakarudia kwa watu 200: walijisikia wana nguvu, ila homoni hazikutikisika. Mwaka 2016 Dana Carney, ambaye jina lake ndilo la kwanza kwenye utafiti ule, akaandika kwamba haamini tena. Huku kwetu semina zinaendelea kuuzwa.

Sisemi mwili hauongei. Unaongea, na Mswahili hahitaji semina ili kulijua hilo. Kubetua midomo, kufyonza, kukunja uso, kukonyeza: hata mtoto wa chekechea anatafsiri. Ninachobishia ni kwamba ishara peke yake inashawishi. Inashawishi pale watu wanapojua nyuma yake kuna nini.

Kuna mama hapa mtaani anauza viazi karai jioni. Anavaa ninja, unaona macho tu, na macho yenyewe yako kwenye mafuta. Chama cha kina mama kinaweka pesa kwake. Mwalimu wa semina angempa sifuri. Lakini akisema, "Mwezi huu tumtangulize fulani, mtoto wake amelazwa," hakuna anayebisha. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kukosa zamu yake.

Au rudi mwaka 1913, kwa Wagiriama. Waingereza wanataka kodi, wanataka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba yao. Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, anazunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wanakusanyika. Huo ni mwili mtupu ukihubiri. Lakini kifudu hakikuwa mkao wa kujifunza mbele ya kioo. Kilikuwa msiba wa watu wale wale, na kiapo alichowapa kwenye Kaya Fungo kilimfunga yeye pia. Mwaka huo huo Waingereza walimkamata na kumpeleka Kisii. Alilipia alichokisema.

Linganisha na wale watakaotujia 2027. Watakaa kibandani, watakula mahamri kwa mbaazi mbele ya kamera, watawakumbatia bibi zetu. Ishara zote zitakuwa sawasawa. Muulize tu mara ya mwisho alikula hapo lini.

Na jambo hili lina upande wa hatari zaidi. Kijana wa Kisauni akisimamishwa na makarau usiku, akiinamisha macho, anaficha kitu. Akiyainua, ana kiburi. Mwili ule ule, kosa mara mbili. Ukiwafundisha watu kwamba tabia ya mtu husomwa kwenye mboni na mabega, haya ndiyo mavuno yake.

Najua utaniambia: bro, kodi ya nyumba hailipwi kwa haya. Kweli. Ndiyo maana nimemwambia mdogo wangu ajifunze kutazama watu machoni vile alivyojifunza Kijerumani, kwa ajili ya kazi. Lakini Kijerumani hakikumfanya aone aibu kuongea Kiswahili. Akifika nyumbani, macho chini kwa mama, na asijione mnyonge.

Na wewe unayehoji, hasa wewe uliyezaliwa Pwani hii na unajua fika ulichokuwa unakiona, acha kupima mboni za watoto wetu. Muulize swali moja: mtaani kwenu, nani anakuachia funguo za duka lake? Mdogo wangu angekuwa na majina matatu ya kukutajia, na angeyataja akiwa ameinamisha macho.