Mwanzi mbichi uliniumbua mbele ya mwanangu

Wiki hii msinicheke, maana yaliyonikuta ni aibu ya kufunga mwaka.

Dogo wangu wa darasa la tatu aliona fimbo ya kuvulia samaki dukani, akaing'ang'ania. Mimi nilipoona bei nikaanza mikwara: "Ya dukani ya nini? Baba yako nitakuundia ya nguvu!"

Jumamosi hiyo hiyo nikakata mwanzi kwa jirani, nikafunga mshipi kwenye ncha, huyooo mpaka miamba ya Coco Beach. Chambo, kamba wa Feri. Tukakaa weee, mara mshipi ukavutwa ile mbaya. Nikavuta, mwanzi ukapinda, ukagoma kurudi, halafu paa! Samaki akaondoka na ncha, mshipi na heshima yangu.

Dogo hakulia. Angelia ningejua la kumwambia. Alinyamaza mpaka nyumbani.

Kesho yake nikamrudia mzee mmoja anayevua pale, ambaye sinema yote aliiona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hivi jana ulikuja na mwanzi au na muwa?"

Jamani! Lakini alinipa shule ya bure. Chagua mwanzi uliokomaa, siyo chipukizi. Uning'inize kivulini, ncha juu, chini ufunge jiwe ili ukauke umenyooka. Usiwe na haraka. Na mshipi usiufunge kwenye ncha tu, uteremshe mpaka kwenye shina na ufunge hapo pia. Ncha ikivunjika, samaki bado ni wako.

Wiki sita mwanzi ulining'inia kwenye mwembe wetu. Kila asubuhi dogo anaugonga na kidole: "Baba, bado?" Bado, mwanangu. Huku tunaokoteza vifaa. Spoki mbovu kwa fundi baiskeli, tukazikunja pete tano za kupitishia mshipi. Plagi ya pikipiki iliyokufa ikawa risasi ya kuzamisha. Kipande cha ndala, boya. Kopo la maziwa la kuzungushia mshipi. Pete tukazikaza kwa uzi, juu tukapaka rangi ya kucha ya mama watoto ili maji yasipenye. Bila ruhusa, ndiyo.

Jumapili iliyopita tukarudi. Safari hii fimbo nilimkabidhi mwenyewe. Mwanzi ukapinda, roho ikanipasuka, ukarudi! Changu wa saizi ya kiganja. Mzee akapiga makofi.

Mama watoto alipouliza rangi yake imekwenda wapi, dogo akamwonyesha samaki. Kesi ikafutwa.

Kwa hiyo washikaji, ukimwahidi mtoto kitu, usikimbilie kumwonyesha kitu kibichi. Mwambie asubiri, halafu usubiri naye. Yangu mimi yalikuwa maneno matupu, kilichoniokoa ni zile asubuhi za "bado, mwanangu."

Tukutane wiki ijayo. Nadaiwa rangi ya kucha.