TANGAZO LISIMFUKUZE MPIGA KURA



Kila baada ya uchaguzi twasikia maneno yale yale: kura zimeharibika kwa kuwa raia hawajui kusoma. Maneno hayo twayakataa. Mara nyingi asiyejua kazi yake si msomaji bali ni mwandishi, na mwandishi huyo ni sisi.

Hapa Mzenga, siku ya kura, tuliona karatasi nne zimebandikwa mlango mmoja, herufi kama punje za ulezi, maneno ya sheria matupu. Mzee mmoja alisimama mbele yake kitambo, akaona haya kuuliza, akashika fimbo yake akarudi kwake. Hakufukuzwa na mtu, lilimfukuza tangazo.

Wazee wetu waliyaona magumu zaidi. Mwaka 1958, katika Tanganyika, mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Asiyetimiza watatu kura yake ilikuwa batili. Lakini mwaka 1965 wagombea wa Bunge walipewa alama mbili, jembe na nyumba, hata asiyejua herufi akamjua amtakaye. Leo karatasi ina sura ya mgombea na nembo ya chama chake, na asiyeona ana jalada la nukta nundu. Karatasi imeendelea, mlango umebaki nyuma.

Wako watakaosema, "Hiyo ni kazi ya Tume." Karatasi ya kura ni ya Tume, kweli, lakini gundi na tangazo vimo mikononi mwa mtumishi aliyepewa kituo. Basi yatupasa haya. Tangazo moja lichukue jambo moja. Herufi ziwe nene, zisomeke hatua kumi. Mshale uonyeshe njia, na juu ya kila mlango ziwekwe herufi za mwanzo za majina ya wanaoingia hapo. Tusiandike "mpiga kura atatakiwa kuthibitisha utambulisho wake", tuandike "Onyesha kadi yako." Alama ya vema ichorwe kubwa, katika mfano usio na jina la mtu. Tena, kabla ya kubandika, tumpe mama muuza vitumbua asome. Akikwama, tuandike upya.

Bao la stesheni yetu ya TAZARA humwambia msafiri kwa neno moja kwamba amefika. Je, mwenye nchi afike kwenye kura yake asijue kwamba amefika? Hiyo ni aibu yetu, si yake.