Bahari ya Februari Si Bahari ya Agosti



Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki twazijua kaskazi na kusi tangu utotoni. Lakini ni wachache wanaoifuata kusi hadi mwisho wa safari yake. Ikisha kutupita huvuka ikweta, hugeuka kuelekea kaskazini-mashariki, na kuingia Ghuba ya Bengal ikiwa imebeba mvua. Huko huiinua hata bahari yenyewe.

Upepo huyasukuma maji hadi kichwa cha ghuba, mahali yasipo na pa kutokea. Wakati huo huo mito Ganges na Brahmaputra humwaga mafuriko yake, na maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa ni mepesi, huzidi kuupandisha uso wa bahari. Hivyo katika pwani ya Bangladesh usawa wa bahari wa Agosti huweza kuupita ule wa Februari kwa karibu mita 1, kabla hatujahesabu bamvua wala kimbunga. Kwetu tofauti hiyo ni ya sentimita tu. Pengine ndiyo maana hatuifikirii.

Tangu miaka ya 1960 maeneo zaidi ya 120 ya pwani ile yalizungushiwa matuta ya udongo, maji ya chumvi yasiingie mashambani. Kimbunga Aila kilipopiga tarehe 25 Mei 2009, mengi yalibomoka. Mwezi wenyewe ulikuwa mbaya: pepo za mvua zinaanza, bahari inapanda. Mara mbili kwa siku maji yalijaa na kupita penye ufa, na kila yalipopita yaliupanua. Nani azibe tuta la udongo katika hali hiyo? Ilibidi kungoja kiangazi. Huko Dacope na Koyra wako walioishi juu ya mabaki ya matuta kwa takriban miaka miwili, mashamba yao yakiwa chini ya maji ya chumvi.

Sikubali hayo yote yaitwe maafa ya asili. Kimbunga hakina kalenda ya hakika, lakini kupanda kwa bahari kunayo, na kila mvuvi wa kule anaijua. Matuta yanapaswa kukaguliwa na kujazwa kati ya Desemba na Machi. Mwaka wa fedha wa nchi ile, kama wetu, huanza Julai, maji yakiwa tayari juu. Fedha ikikawia ofisini miezi michache tu, msimu wa kazi umekwisha, na anayelipa gharama ni mkulima asiye na pa kuhamia.

Basi tunapochangishwa kwa ajili ya ndugu waliopatwa na kimbunga, tusiulize kiasi peke yake. Tuulize pia fedha hiyo itafika mwezi gani.