Waraka kwa Wanachama Wote. Yah: Arobaini ya Mzee Wetu wa Reli



Rambirambi zenu zimemfikia mjane zote, na mweka hazina atawasomea hesabu kwenye kikao. Ninachowaandikia ni jambo lililonikaa kooni tangu tulipotoka makaburini.

Mliisikia historia ya marehemu ilivyosomwa. Alizaliwa, aliajiriwa reli, alistaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Mistari minne, tukaingia kwenye dua. Familia isilaumiwe. Karatasi ile niliiandika mimi, usiku wa msiba, na nikadhani inatosha.

Haikutosha. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, na hao waliojenga wametajwa vitabuni. Watu wa genge, walioifanya ipitike kila siku tangu hapo, nani kawataja? Mzee wetu alikuwa mmoja wao. Aliingia kazini reli ikiwa bado ya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akawa mtu wa Shirika la Reli Tanzania. Mwajiri alibadilika, nyundo ikabaki ile ile.

Alfajiri alitoka na spana ndefu begani, nyundo na bendera nyekundu, akaitembea njia kwa miguu, bolti moja baada ya nyingine. Aliwahi kunieleza kwamba taruma lililoshikwa vizuri na kokoto hulia tofauti na lililolegea, na kwamba sikio linajua kabla ya jicho. Alinionyesha pia zile nafasi ndogo kwenye maungio ya reli. Jua la saa nane likiwaka chuma hutanuka, na nafasi hiyo ikikosekana reli hupinda kama ukuti. Nilikuwa nimepita pale tangu utoto bila kuziona.

Na mto. Wanakilosa mnaujua Mkondoa: kwetu kukavu, mvua inanyesha juu huko Ugogo, usiku maji yamefika. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliposomba tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, yeye alikuwa amekwishastaafu. Hakuna aliyemwita. Kila asubuhi alikwenda na fimbo yake hadi ukingoni, akasimama, akarudi nyumbani bila kusema neno. Mkewe anasema miezi ile treni ilipokatika hakulala vizuri, kwa sababu alizoea kushtuka usiku inapopita, akahesabu mabehewa kwa mlio, ndipo akageukia upande wa pili.

Haya ni yale ninayoyajua mimi mmoja, nami nilikuwa jirani tu. Nyinyi mna mengine. Kuna aliyetiliwa mpini wa jembe na mzee akakataa kulipwa. Kuna aliyesomeshwa kwa mshahara wake ingawa hakuwa mtoto wake. Anajijua, na ninamwomba asikae kimya.

Kwa hiyo siku ya arobaini, mbali na mchango wa chakula, kila mmoja aje na jambo moja alilomwona mzee akilifanya au alilolisikia kinywani mwake. Vijana, njooni na madaftari, mtaandika. Mwenye picha aje nayo, hata iliyofifia.

Nina ombi jingine, na hili lisingoje arobaini. Wamebaki wawili kati yetu waliokuwa naye gengeni. Wote wawili tumewazoea kama wazee wa kupokea salamu tu. Nendeni mkakae nao wiki hii, mwaulize walikula nini kambini, nyapara wao alikuwa mtu wa namna gani, walifanyaje treni ilipokaribia na reli imefunguliwa. Mmoja masikio yamechoka, lakini ukikaa upande wake wa kulia anakusikia vizuri.

Nyundo ya marehemu ipo. Nimemwomba mjane aitoe siku ya arobaini iwekwe barazani, na amekubali.

Katibu wenu