Mtoto akikuomba fedha za ‘kuandikiwa’ ripoti ya utafiti

Simu iliita saa tatu usiku, mama akiwa anafunika cherehani yake. Aliyepiga ni kijana wake wa mwaka wa tatu, anayesoma fizikia chuo kikuu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Hujambo? Umekula?”

Kijana akasema amekula, kisha akanyamaza. Mama akajua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa shilingi 250,000. Haikuwa ada wala kodi ya chumba. Ripoti yake ya utafiti ilitakiwa kukabidhiwa baada ya siku 12, na jirani na chuo kuna mtu wa steshenari anayewaandikia wanafunzi. “Wengi wanafanya hivyo mama. Vipimo nimeshachukua, kuandika ndiko kumenishinda.”

Wazazi wengi wamewahi kupokea simu ya aina hii. Mzazi ambaye hakusoma sayansi huona njia mbili tu: atume fedha yaishe, au agombe na kukata simu. Mama huyu aliishia darasa la saba. Hakutuma na hakugomba. Alivuta stuli, akakaa.

“Hebu nieleze kwanza. Unapima nini huko?”

Chumvi kwenye moto

Kijana alianza na maneno mazito: spektroskopia ya leza, mng’ao wa klorofili, uwiano wa kilele kwa kilele. Mama akamkatisha. “Nieleze kama ninavyomweleza mteja asiyejua vitambaa.”

Akaanza upya. “Mama, chumvi ikimwagikia moto wa jiko la gesi, moto unakuwa rangi gani?”

“Njano.”

“Njano hiyo ni ya sodiamu iliyo ndani ya chumvi. Kila elementi ikipata joto hutoa rangi zake, na haiazimi za mwenzake. Kuzitenganisha rangi hizo na kuzisoma ndiyo spektroskopia.”

Elimu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1860 na 1861 wanasayansi wawili wa Ujerumani, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, waligundua elementi mbili zilizokuwa hazijulikani, sesiamu na rubidiamu, kwa kutazama rangi za mwanga wake. Leza ilikuja baadaye. Ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, tarehe 16 Mei 1960, na ndiyo sababu tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kimataifa ya Mwanga. Mwanga wa balbu umechanganya rangi nyingi, lakini wa leza ni wa rangi moja na mwale wake ni mwembamba, kwa hiyo mtafiti anaweza kuchagua hasa anachotaka kukigusa. Mwaka 1981 Nicolaas Bloembergen na Arthur Schawlow walipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kuiendeleza spektroskopia ya leza. Leo hata gari la utafiti la Curiosity, lililotua sayari ya Mirihi mwaka 2012, hupiga miamba kwa leza na kusoma mwanga unaotoka ili kujua imeundwa na nini.

Utafiti wa kijana ulikuwa karibu zaidi na nyumbani. Alipanda mahindi kwenye ndoo, mengine akayawekea mbolea ya naitrojeni na mengine akayanyima. Kisha akayamulika majani kwa leza ya zambarau ya nanomita 405. Klorofili, ile kijani ya jani, humeza mwanga huo na kurudisha mwanga mwekundu hafifu ambao jicho halioni kirahisi. Mashine huuchora mwanga huo kwenye grafu kama vilima viwili, kimoja karibu na nanomita 685 na cha pili karibu na 735.

“Jani lililoshiba mbolea lina klorofili nyingi,” alieleza, “na klorofili hiyo humeza tena sehemu ya mwanga wa kilima cha kwanza, kwa hiyo kinakuwa kifupi. Jani la njano lina klorofili kidogo, kilima cha kwanza kinapanda. Nikigawanya kilima cha kwanza kwa cha pili, napata namba inayoonyesha jani lina njaa au limeshiba, bila kulichuma.”

Mama alikaa kimya kidogo. “Haya uliyonieleza ndiyo uyaandike. Hapo kilichokushinda nini?”

Kilichokuwa kimefichika

Hapo ndipo ukweli ulipotoka. Kuandika hakukumshinda. Vipimo vyake ndivyo vilivyokataa. Namba za majani ya njano zilitakiwa kuwa kubwa kuliko za majani ya kijani, lakini zake zilikuwa karibu sawa. Mtu wa steshenari alikuwa ameahidi si kuandika tu, bali pia “kuzinyoosha” namba hizo zifanane na za vitabuni.

Mzazi azingatie hapa. Mara nyingi mtoto anayeomba kuandikiwa kazi si mvivu. Ameogopa. Anadhani utafiti ambao haukutoa jibu lililotarajiwa ni utafiti ulioshindwa, na anaona aibu kumwambia msimamizi wake. Ukimgombeza kwa uvivu, hofu yenyewe utaiacha pale pale.

Mama alimjibu kwa lugha ya kazi yake. “Nguo ikikataa kukaa mwilini mwa mteja, sibadilishi namba kwenye daftari. Narudi na futi nampima tena. Nitumie hizo picha zako nizione.”

Kijana alituma grafu 12 kwa WhatsApp, sita za majani ya kijani na sita za majani ya njano, labda ili yaishe tu. Asubuhi mama akampigia.

“Mimi sijui kusoma haya mambo yenu. Ila nyingine vilima vyake vina ncha. Hizi tano, kilima cha kwanza kimekatwa kichwa, kiko bapa kama meza. Mwanga ndivyo ulivyo?”

Kijana alifungua kompyuta akatazama upya. Zote tano zilikuwa za majani ya njano. Alikuwa amepanga muda wa mashine kunasa mwanga mara moja tu, siku alipoanza na majani ya kijani, na hakuubadilisha tena. Majani ya njano yalipotoa mwanga mwingi kwenye kilima cha kwanza, mashine ilifika mwisho wa uwezo wake ikaacha kuhesabu. Ni sawa na kumpima mtu mrefu kwa fimbo inayoishia futi tano: kila aliyezidi ataandikwa futi tano. Kilima kilichokatwa kinapogawanywa kwa kilima cha pili, jibu linakuwa dogo kuliko ukweli. Ndiyo maana namba zililingana.

Namba hizo zingenyooshwa kule steshenari, hakuna ambaye angejua kosa lilikuwa wapi, hata kijana mwenyewe.

Mficha uchi hazai

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa msimamizi wake akiwa na grafu mkononi. Hakufukuzwa wala kuchekwa. Aliambiwa maabara ina nafasi mchana mmoja tu kabla ya tarehe ya kukabidhi, autumie vizuri. Alipima majani manne ya njano na manne ya kijani, yote kwa muda mfupi uleule wa kunasa mwanga, kila jani mara tatu, akihakikisha kila kilima kina ncha.

Safari hii namba zilielekea upande uliotarajiwa, isipokuwa jani moja la njano ambalo namba yake iliangukia katikati ya majani ya kijani. Hakulitoa. Aliliacha kwenye jedwali, akaandika kwamba sababu yake haijajulikana na kwamba majani manane ni machache mno kutoa hukumu. Vipimo vya kwanza akaviweka kwenye kiambatisho pamoja na maelezo ya kosa.

Mzazi asiyesoma fizikia asaidie vipi?

Huhitaji kujua leza ni nini ili umsaidie mtoto kuandika ripoti yake. Mambo haya yanatosha.

1. Mwombe akueleze kwa dakika tano, kwa maneno ya nyumbani. Asipoweza, bado hajaielewa kazi yake, na hapo ndipo pa kuanzia kabla hajaandika ukurasa mmoja.

2. Muulize maswali manne: Ulitaka kujua nini? Ulipimaje? Ulipata nini? Maana yake nini? Majibu ya maswali hayo ndiyo utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala wa ripoti. Akikujibu kwa simu, mwambie ajirekodi, kisha aandike kutoka kwenye sauti yake mwenyewe.

3. Mshauri asianzie ukurasa wa kwanza. Wengi hukwama wiki nzima kwenye utangulizi. Ni rahisi kuanza na mbinu na matokeo, kwa sababu hayo ameyafanya kwa mikono yake. Ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, huandikwa mwisho.

4. Muulize: mtu mwingine akisoma mbinu zako, anaweza kurudia kazi hii? Kwa utafiti wa leza, hiyo ina maana ataje leza ni ya nanomita ngapi, ilikuwa umbali gani na jani, mashine ilinasa mwanga kwa muda gani, majani yalikuwa mangapi na kila moja lilipimwa mara ngapi. Kila namba iwe na kipimo chake.

5. Omba kuona grafu na picha. Jicho geni huona ambacho jicho lililochoka limekizoea. Kuuliza si ujinga, hata kwa mzazi.

6. Mweleze kwamba kosa lililoandikwa ni sehemu ya utafiti, na kosa lililofichwa ni udanganyifu. Kufuta kipimo kwa sababu tu hakikupendezi ni kudanganya. Kukitenga kwa sababu inayoelezeka, na kusema umekitenga, ni kazi halali.

7. Kuhusu programu za akili mnemba, muulize ikiwa chuo chake kinaziruhusu na kwa kiasi gani. Programu hizi zinaweza kubuni vitabu na makala ambazo hazijawahi kuandikwa. Asiweke kwenye marejeo chochote ambacho hajakifungua na kukisoma mwenyewe.

8. Muulize kuhusu macho yake. Mwale wa leza unaweza kuharibu jicho kwa muda mfupi sana, hata ukiwa umeakisiwa na saa au pete. Miwani ya maabara lazima iwe ya kuzuia rangi ya leza inayotumika, kwa hiyo miwani yoyote tu haitoshi. Na wale wadogo nyumbani wasipewe vitochi vya leza kuchezea. Wakitaka kuona rangi za mwanga, CD ya zamani chini ya taa ya sebuleni itawaonyesha bila hatari.

Kuhusu fedha

Kuna gharama halali za ripoti: kuchapa, kujalidi, bando la kusomea makala, nauli ya kwenda maktaba. Mzazi mwenye uwezo azitoe. Kumlipa mtu aandike au abuni matokeo ni jambo jingine. Vyuo huhesabu hilo kuwa udanganyifu, na adhabu inaweza kufika kufutiwa matokeo au kufukuzwa. Muuzaji naye anaweza kuiuza kazi hiyo hiyo kwa mwanafunzi mwingine, na ataendelea kujua siri ya mwanao hata baada ya kuhitimu.

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa kwenye kanuni. Kijana aliyenunua ripoti anaingia kwenye chumba cha kuitetea akiwa amebeba maneno ya mtu mwingine, na kila swali linakuwa mtego.

Kijana wa fundi cherehani aliulizwa swali alilolitegemea: “Mbona vipimo vyako vya kwanza hukuvitumia?” Alifungua kiambatisho, akawaonyesha kilima kilichokatwa kichwa, akaeleza kimetokeaje. Wakamuuliza pia kuhusu lile jani moja, naye akajibu kwamba hajui, ila angekuwa na muda angeanza kwa kulipima upya pamoja na majani mengine ya mche ule ule.

Alipata B. Mama alipoambiwa, aliuliza kama B ni nzuri, akaambiwa ni nzuri.

Fedha alituma hatimaye. Zilikuwa shilingi 18,000, za kuchapa na kujalidi nakala tatu. Moja iko nyumbani, kwenye droo ya cherehani, pamoja na daftari la vipimo vya wateja.