Ukuta wa Pili wa Bomba

Huku Kasongo, mashariki mwa Kongo, mafuta yote unayaona kwa macho. Kadafi amepanga chupa zake mezani, bidoni za njano ziko kivulini, pipa la lita 200 limelazwa nyuma ya nyumba. (Kadafi ni muuza mafuta wa barabarani. Mwenye jina alikufa Libia mwaka 2011, chupa zimebaki kwetu.) Esansi ni ya pikipiki, mazutu ni ya lori na jenereta, na petroli kwetu ni ile ya taa, mgeni wa Dar es Salaam asipoonywa ataiharibu pikipiki yake. Pipa likitoboka, mchanga unaloa, harufu inapanda, mtoto anapiga kelele, na mtu anakuja mbio na kipande cha sabuni kuziba tundu. Hasara haizidi vikombe vitatu.

Sasa wapo wanaofikiria kuyatoa mafuta mezani na kuyazika: stesheni kamili, tangi chini ya ardhi, mabomba chini ya saruji. Ni fikra nzuri. Lakini ukitaja bomba lenye kuta mbili, yaani bomba ndani ya bomba, unachekwa. Mzee mmoja wa biashara aliniambia: "Mwanangu, hayo ni ya Ulaya. Chuma kinene kinatosha. Na mafuta kwa bei ya huku, unadhani nitayaacha yapotee nisijue?"

Alikuwa na hakika, na maneno yake ndiyo ya wengi. Nadhani amekosea, tena amekosea zaidi pale anapojiamini zaidi, kwenye kujua.

Tuanze na fimbo ya kupimia tangi. Mafuta hupanuka kwa joto: lita 1,000 za esansi huongezeka kama lita moja kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Lori likishusha lita 10,000 zilizopata joto kwa jua la siku nzima njiani, kisha zikapoa nyuzi 10 chini ya ardhi, fimbo itaonyesha upungufu wa lita 100 na hakuna aliyeiba. Hapo ongeza mita ya pampu isiyosema kweli kabisa, na macho ya anayesoma fimbo jioni. Wamarekani, ambao wana sheria za matangi ya chini tangu miaka ya 1980, walipoweka kipimo cha hesabu ya mwezi kwa fimbo waliruhusu tofauti ya asilimia 1 ya mafuta yaliyopita, na juu yake galoni 130, karibu lita 490. Stesheni inayouza lita 30,000 kwa mwezi inaweza basi kukosa lita 790 na hesabu ikaitwa safi. Bomba linalovuja lita 5 kwa siku linapoteza 150 kwa mwezi. Mzee wangu atalala usingizi mnono.

Kinachovuja hakilali. Esansi ina benzini, sumu inayoleta saratani ya damu. Tuseme ni asilimia 1 ya ujazo, kiwango ambacho Ulaya hairuhusu kuvuka: lita moja ya esansi ina gramu 8.8 hivi za benzini. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 kwa lita. Piga hesabu: lita moja ya esansi inatosha kuyavusha kipimo hicho maji lita 880,000, yaani bidoni 44,000 za lita 20. Si kwamba yote hufika kisimani. Mengine hurukia hewani, mengine huliwa na vijidudu vya udongo. Lakini mjini Ulaya mtu akiharibiwa kisima anafungua bomba la manispaa. Mama wa huku kwetu anayeteka maji chemchemini atafungua nini? Hapa ndipo msemo wa "hayo ni ya Ulaya" unapinduka: asiye na maabara ya kupima maji wala maji mengine ya kukimbilia ndiye mwenye haja kubwa ya ule ukuta wa pili.

Nadhani tumefundishwa kuyaogopa mafuta kwa moto tu. Nani huku mashariki hakusikia habari za Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakaenda kukinga na zaidi ya 200 wakateketea? Hofu hiyo ni ya haki. Ila uvujaji wa chini hauna mwali wala kishindo. Huko Thange, kaunti ya Makueni nchini Kenya, mwaka 2015 mafuta yalionekana kwenye maji ya mto. Yalitoka kwenye bomba kuu la Mombasa hadi Nairobi, bomba la chuma lililoanza kazi 1978. Hilo lilikuwa na kampuni ya taifa na wahandisi wake. Chuma kinene kilikuwepo.

Na chuma ndani ya udongo unaonyeshewa miezi mingi ya mwaka huliwa kutoka nje, mahali pasipofikiwa na brashi ya rangi. Ndiyo maana mabomba ya siku hizi ni ya plastiki ngumu isiyoshika kutu. Lakini watu hudhani ukuta wa pili umewekwa kuongeza nguvu, kama kuvaa makoti mawili. Sivyo. Umewekwa ili mafuta yakitoka kwenye bomba la ndani yakamatwe kwenye nafasi iliyo katikati, yateremke (bomba hulazwa kwa mteremko wa sentimita moja kila mita), yaishie kwenye chemba ya plastiki chini ya pampu au juu ya tangi. Ukifunua mfuniko ukakuta chemba imelowa, umejua. Ni lile pipa la kadafi linaloloesha mchanga, limepelekwa chini ya saruji.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Kama pampu yako inanyonya, ya mkono au ya mota, na valvu ya kuzuia kurudi ni moja tu, iliyo chini kabisa ya pampu, basi bomba likitoboka hewa huingia na mafuta hurudi tangini. Hata Marekani, iliyolazimisha kuta mbili kwa mabomba mapya tangu Aprili 2016, imeusamehe mfumo huo. Mwenye stesheni ya pampu moja anaweza kuanza hivyo bila aibu. Ila akishaweka pampu ya kuzama tangini, inayosukuma badala ya kunyonya, kila tundu linakuwa chemchemi ya esansi, na msamaha umekwisha.

Bei nayo? Bomba hilo ni ghali, na barabara ya kulifikisha Kasongo inalizidishia. Lakini mtaro ni uleule na saruji ni ileile. Kinachoumiza ni kuvunja saruji hiyo mara ya pili.

Mimi ningemhofia zaidi fundi. Kiungo cha plastiki hii huchomwa kwa soketi yenye nyaya ndani, inayopashwa moto kwa umeme. Kabla ya hapo bomba hukwanguliwa ngozi ya juu pande zote, kama unavyokwangua muhogo, likafutwa kwa alkoholi, likabanwa lisitikisike mpaka lipoe. Jenereta ikiyumba katikati, ni salama zaidi kiungo hicho kikatwe na kutupwa kuliko kuchomwa tena. Kisha bomba la ndani hujazwa hewa, halafu nafasi ya katikati, viungo vyote vikipakwa maji ya sabuni, mtaro ukiwa bado wazi.

Nilimweleza mzee haya yote. Alinyamaza kidogo, akauliza kama ile mifuniko ya chemba inaweza kupigwa saruji juu, isiibwe.

Nikamwambia anunue kufuli.