Kioo Kidogo cha Nyuma

Mwezi uliopita niliwaahidi habari ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Naomba mnivumilie, mahindi yatangoja. Yamenipata mambo ya gari, na kwa kuwa siku hizi wengi wetu ndio tunaoendesha watoto shuleni na kwaya kanisani, naona ni heri niwaeleze wakati bado nayakumbuka vizuri.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya mazoezi ya kwaya ya watoto. Nilikuwa nimeegesha kando ya uwanja, na kijana mmoja alikuwa akifyeka nyasi kwa mashine ile inayoning'inizwa begani. Nilisimama hatua mbili kutoka mlangoni nikizungumza na mwalimu wa kwaya. Ghafla nikasikia pa! Nilipogeuka, kioo cha ubavuni nyuma, kile kisichofunguka, hakikuwapo tena. Kokoto moja tu, isiyozidi punje ya hindi, ilikuwa imerushwa na ile mashine. Neema wangu, mwenye miaka minne, alikuwa amesinzia kwenye kiti. Mapaja yake yalijaa vioo kama mtu aliyemwagiwa chumvi ya mawe.

Alilia kwa hofu. Nilimvua nguo zote palepale, bila kujali nani anatazama, nikamkagua kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. Mkwaruzo mmoja kwenye kiwiko, basi. Nikashukuru Mungu, na baadaye nikajifunza kwamba nilikuwa na sababu nyingine ya kushukuru: kioo kilikuwa cha aina iliyokusudiwa kuvunjika hivyo. Vioo vya ubavuni katika magari mengi hutiwa moto unaopita nyuzi 600, kisha hupozwa haraka kwa upepo mkali. Kwa hiyo ngozi yake ya nje hujikaza, na siku kikivunjika humeguka chote kwa mara moja kuwa punje ndogo butu. Kioo cha mbele ni tofauti. Hicho ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati, ndiyo maana hupasuka lakini hubaki kimeshikana. Shikeni habari hii, maana tutairudia.

Sasa gari lenyewe. Baba Neema alinunua gari la umeme mwaka jana, Nissan e-NV200. Ni ndugu wa ile NV200 ya petroli. Liliundwa Barcelona, Hispania, likauzwa Japani, na likiisha kutumika huko likatufikia sisi hapa Nairobi. Halina injini ya petroli wala bomba la moshi, na mimi nalipenda kwa sababu nikiwasha asubuhi sana siamshi jirani. Lakini siku ile, neno "umeme" lilitusumbua kuliko kioo.

Wifi yangu alikuwa wa kwanza. Aliona mawingu yanakusanyika upande wa Ngong akasema, "Mama Neema, mvua ikiingia humo ndani mtapigwa na umeme wote! Msipande." Nami, nawaambia ukweli, niliogopa. Tuliwaomba watu watusaidie kulisukuma hadi chini ya paa la jiko la kanisa, na watoto tukawarudisha nyumbani kwa matatu.

Jioni Baba Neema alifungua kitabu cha gari tukasoma pamoja. Betri kubwa imefungwa ndani ya sanduku la chuma chini ya sakafu, ikazibwa maji yasiingie. Umeme wake, ambao ni zaidi ya volti 300, haupiti katika bati la bodi hata kidogo. Nyaya zake zina ganda la rangi ya machungwa ili kila fundi azitambue, na gari likizimwa, swichi zilizo ndani ya betri huukata umeme huo usitoke. Mvua inayoingia dirishani haifiki huko. Itakacholowesha ni zulia, viti, mikanda ya usalama na soketi za nyaya ndogo za taa, kama ilivyo katika gari lolote. Hayo nayo ni hasara: ukungu, harufu, kutu. Lakini si kifo. (Gari lililozama kwenye mafuriko, au lililogongwa nyaya za machungwa zikaonekana, ni jambo jingine kabisa. Hilo usiliguse, mwite fundi aliyesomea magari hayo.)

Basi tukaziba tundu kwa karatasi ya nailoni, nje na ndani, tukabandika kwa selotepu pana. Usiiache wiki nzima juani, dada. Gundi yake huokea kwenye rangi, na utatoka jasho kuiondoa.

Jumatatu nikaanza kutafuta fundi. Wa kwanza alizunguka gari mara moja, akasoma maandishi ya nyuma, akafuta mikono yake. "Mama, hiyo ya umeme mimi sigusi." Sikumlaumu. Afadhali anayekiri kuliko anayejaribu.

Wa pili alikuwa na ujasiri mwingi mno. Alipima tundu kwa kipande cha katoni akasema atakata kioo cha dirisha la nyumba, akibandike kwa silikoni, na saa kumi nitaondoka na gari langu. Bei yake ilikuwa ya kumfanya mama yeyote mwenye bajeti acheke kwa furaha. Ninawaomba msicheke. Kioo cha nyumba hakikutiwa moto ule niliousema. Kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kama visu, na anayekaa karibu nacho ni mtoto wako. Kioo kilichokwisha kutiwa moto nacho hakikatwi. Ukijaribu kukikata, chote humeguka. Kwa hiyo fundi yeyote anayesema "nitakikata kitoshe" ameshakuambia, bila kujua, kwamba kioo chake si cha gari.

Na silikoni? Ile yenye harufu kama siki inapokauka hutoa tindikali, na tindikali hula bati. Isitoshe, haina nguvu ya kushika kioo cha gari linaloruka matuta yetu haya. Nimeona kwa macho yangu gari la jirani lililozibwa hivyo. Kioo kilikuwa kikicheza kama jino bovu.

Wa tatu hakuwa fundi, alikuwa muuzaji wa spea. Baba Neema alielekezwa kwake karibu na Barabara ya Kirinyaga. Alikuwa na kioo kile kile, rangi ile ile ya giza, na bei nusu ya tuliyoambiwa kwingine. Baba Neema alikipeleka juani. Pembeni chini, mahali ambapo wengi wetu hapa Nairobi huchora namba ya gari ili kuzuia wezi, palikuwa pamesuguliwa hadi pakafifia. Herufi mbili za mwanzo zilisomeka bado. Alipouliza risiti, yule bwana akasema, "Mzee, unataka kioo au unataka karatasi?"

Baba Neema alinipigia simu. Sitajifanya kwamba sikunyamaza kidogo. Karo ilikuwa imetoka wiki ile ile, na gari lisilotembea lilikuwa linatugharimu nauli ya watu watano kila siku. Lakini nilimfikiria mama mwingine, asubuhi, amesimama kando ya gari lake na mtoto mkononi, anatazama tundu kama langu. Nikamwambia akirudishe.

Tulikaa siku kumi na moja na ile karatasi ya nailoni. Watoto waliizoea, wakaipa jina: ngoma.

Aliyetusaidia mwishowe ni mzee mmoja fundi wa vioo. Hakuwahi kugusa gari la umeme, na alisema hivyo tangu mwanzo. Lakini maswali yake yalinituliza. Aliuliza namba ya chesisi kwanza, ili apate namba ya spea. Aliuliza kama kioo kilichovunjika kilikuwa cheupe au cha giza, kama kilikuwa na nyaya za antena, kama mpira wa pembeni ulikuwa umeumbwa pamoja na kioo au umevalishwa tu. Magari mengi vioo hivi vidogo huja na mpira wake ukiwa umeumbiwa humo humo, na ndiyo sababu wakati mwingine kidogo huwa ghali kuliko kile kikubwa cha mlangoni. Mimi nilidhani udogo ni unafuu!

Kwa kuwa gari letu na lile la petroli ni ndugu wa tumbo moja, alikwenda kutafuta kwenye NV200 iliyopata ajali ya mbele. Alilinganisha namba, umbo na rangi, akaja na kioo, risiti, na namba ya chesisi ya gari kilikotoka. Usidhani kila gari la umeme lina ndugu wa namna hii. Mengine yameundwa peke yake, na kioo utakiagiza mbali.

Siku ya kazi niliketi pale kwenye kigoda nikatazama, maana nimejifunza kwamba fundi anayetazamwa kwa heshima hufanya kazi kwa heshima. Kwanza alimwomba Baba Neema azime gari kabisa na auweke ufunguo mbali. Gari hili halinguruumi; linaweza kuwa limewashwa, tayari kuondoka, na mtu aliyeinama nyuma asijue. Kisha akachomoa waya wa betri ndogo, ile ya volti 12, maana hata gari la umeme linayo. Akangoja dakika kadhaa kabla ya kugusa plastiki za nguzoni. Nilidhani anapumzika. Kumbe magari mengi ya sasa yana mifuko ya hewa iliyokunjwa pembeni mwa paa, na mikanda yenye baruti ndogo ya kuikaza wakati wa ajali. Hizo ndizo za kuogopwa katika kazi hii, dada zangu, si betri kubwa. Tulikuwa tumeogopa mlango usio wenyewe.

Aliondoa plastiki za ndani polepole, akafyonza punje za kioo kwa mashine ya vumbi, hasa pale mkanda wa usalama unapojikunjia. Punje moja ikinasa humo, mkanda hugoma kurudi, au husagika kidogo kidogo usione.

Halafu ile gundi ya zamani. Hapa ndipo alipokaa muda mrefu kuliko penginepo. Hakuikwangua yote hadi kwenye bati. Aliikata kwa kisu akaacha utando mwembamba, kama milimita moja au mbili, kwa sababu gundi mpya hushikana na ya zamani kuliko inavyoshikana na rangi. Mahali pawili kisu kiligusa bati likang'aa. Akapapaka dawa ya kuzuia kutu akaacha pakauke. "Hapa, mama," alisema, "ndipo watu hunirudia baada ya miaka miwili wakilia maji yanaingia. Si kioo kilichoharibika, ni bati limeoza chini ya gundi."

Kioo nacho kilisafishwa ukingoni, kikapakwa dawa yake nyeusi ya kushikia. Gundi ilitoka kwenye bomba ikiwa imesimama kama kilele cha paa, mstari mmoja usiokatika kuzunguka tundu lote. Kukiweka kioo ilikuwa kazi ya nusu dakika. Hakuna kusitasita, kwa sababu gundi huanza kuota ngozi. Akakishikilia kwa teipu pande tatu.

Aliuliza kama kuna mvua inakuja. Nilisema natumaini hapana. Akacheka: gundi hii hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, hivyo yeye huhofia zaidi siku za baridi kavu. Kinachotakiwa kiwe kikavu ni kioo na bati wakati wa kubandika.

Masharti yake yalikuwa haya: gari lisiondoke hadi muda ulioandikwa kwenye bomba la gundi uishe, kioo cha mlango wa dereva kiachwe wazi kiasi cha vidole viwili, maana ukibamiza mlango gari likiwa limezibwa kote, hewa ya ndani husukuma kioo kibichi nje, teipu isitolewe hadi kesho yake, na lisioshwe kwa bomba la nguvu kwa siku kadhaa. Hilo la mlango lilinishinda. Nilimtuma Neema alale, nikambandikia Baba Neema kikaratasi kwenye usukani.

Siku ya tatu tulilijaribu. Mimi niliketi ndani na karatasi laini, nikazipitisha ukingoni, Baba Neema akamwagia maji nje kwa mpira wa bustani, taratibu, kutoka chini kupanda juu. Karatasi zilibaki kavu.

Kuhusu gharama, kazi na gundi vilizidi bei ya kioo chenyewe. Someni mikataba yenu ya bima kabla hamjavunjikiwa. Wetu ulisema "kioo cha mbele" tu, na sisi tulikuwa tumesoma "vioo vya gari" kwa sababu ndivyo tulivyotaka isomeke. Yule kijana wa nyasi alikuja nyumbani na mama yake kuomba radhi, akiwa na kuku. Tulimsamehe. Kuku tulimpokea pia, ili mama yake asione haya, na siku hizi kijana hufyeka asubuhi kabla ya magari kufika.

Jana nilipokuwa nikifagia garini niliokota punje nyingine mbili chini ya reli ya kiti. Neema anazitunza kwenye kopo la maziwa. Mwezi ujao, bila kukosa, ni mahindi na dumuzi.